Mwaka Tuliokula Mbegu

Mwaka ninaousimulia ni ule tuliokula mbegu. Huku kwetu juu, Olenguruone, wengine huhesabu miaka kwa uchaguzi, wengine kwa magonjwa. Mimi huhesabu kwa sufuria. Kuna mwaka wa mahindi ya manjano, yale ya msaada yaliyonuka gunia hata ukiyachemsha mara mbili. Kuna mwaka wa kabichi, tulipokula kabichi asubuhi na jioni mpaka ng'ombe nao wakazikataa. Na kuna huo wa mbegu, ambao si wa zamani. Magunia yenyewe bado yako stoo, matupu, panya wamezaa ndani.

Mtu akisikia umekula mbegu anadhani ni njaa. Njaa ilikuja baadaye. Mbegu tulizila kwa sababu ya wageni, na wageni walikuja kwa sababu ya shingo ya mjukuu wangu.

Basi nianze na hiyo shingo.

Mjukuu huyu ni wa binti yangu wa pekee. Binti anakata maua Naivasha, amekata maua ya watu tangu mtoto akiwa wa kunyonya, kwa hivyo mtoto nilimlea mimi. Alipewa jina la marehemu mzee wangu, na kwa desturi yetu mjukuu mwenye jina la mzee wako ni mume wako. Ndivyo ninavyomwita. Mume wangu, kata kuni. Akakata. Mume wangu, beba gunia. Akabeba. Alipofika darasa la nane alikuwa anatoa gunia la viazi bondeni mpaka barabarani bila kupumzika, na shingo ikawa nene kama nguzo ya lango. Niliringa na ile shingo kama wenzangu wanavyoringa na digrii za watoto wao.

Ni hiyo shingo walimu wa sekondari waliiona wakamtia kwenye raga. Sikujua raga ni nini. Akanieleza kwamba ni mpira wenye umbo la yai, unabebwa mkononi, halafu kuna wakati watu wanane wanainama, wanashikana mabega, wanasukumana na wanane wengine vichwa vimeingiliana. Nikamuuliza mpira uko wapi wakati huo wote. Akasema uko chini, katikati ya miguu. Nikamwambia hiyo ni kazi ya maksai, na shule nilimpeleka asiwe maksai. Alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye akachezea timu moja ya Nakuru. Nilienda kumtazama mara moja tu. Nilivaa kitambaa changu cha kanisani, nikakaa mbele. Nilipoona watu wamemlalia wamekuwa rundo, nilisimama nikawaambia wamtoke. Uwanja mzima ulinicheka. Mzee mmoja nisiyemjua akanipa soda akaniambia, tulia mathe, huyo wa chini ndiye anawaumiza wengine. Nilirudi nyumbani na hiyo habari nikaiuza sokoni mwezi mzima.

Mwaka wa pili wake huko, siku ya mechi ya kawaida tu, walipoinama na kugongana upande mmoja ukaporomoka. Wote waliinuka ila yeye. Mimi sikuwepo. Nilikuwa napalilia.

Alikaa hospitali miezi mingi. Waliponirudishia, mikono ilikuwa inainuka nusu, vidole havishiki kitu, na miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyesahauliwa kitandani mwangu. Kumgeuza peke yangu nilijifunza kama nilivyojifunza kugeuza ng'ombe aliyeanguka: unaanza na kiuno, kichwa kitafuata. Mwanamume wa kilo mia na mimi mifupa yangu ndiyo hii. Siku za kwanza tulilia wote wawili, kila mtu akiangalia ukuta wake.

Hapo ndipo wakaja wale vijana.

Wachezaji wa zamani wa raga wana chama chao cha kusaidia mwenzao akivunjika au akifa akiacha watu. Ndicho kilichompa kiti cha magurudumu na godoro lile la hewa linalozuia vidonda. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikuja wenyewe kwa pikapu, watu kumi, siku nyingine kumi na wawili, na katoni: unga, sukari, mafuta ya kupika, glavu, nepi za watu wazima, mipira ya mkojo. Walikuja na kelele. Walimwinua kama mtoto, wakampeleka nje kwenye jua, wakamtukana matusi ya mapenzi. "Mzee, umenona. Unakula nini huku, simiti?" Naye akawajibu kwa yale maneno yao ya mjini, na uso wake ukarudi ule niliokuwa naujua.

Kila Ijumaa kabla ya hiyo Jumamosi aliniomba nimnyoe ndevu. Siku nyingine za mwezi hakujali ana ndevu au ana majani kichwani. Lakini Ijumaa hiyo alikuwa ananiita tangu asubuhi, shosho, maji yamechemka? Mimi sikusoma, darasa la tatu ndilo langu la mwisho, ila kitu kama hicho hakihitaji kusoma. Nilijua kinachomweka hai si unga wa kwenye katoni.

Sasa sikiliza ujinga wetu.

Mara ya kwanza walipokuja nilichinja kuku wawili. Nani asingechinja? Mtu ametoka Nakuru, amepanda matope yote haya, ameleta kitu mkononi, halafu umpe maji ya moto yenye majani? Kwetu kikapu kilicholeta kitu hakirudi kitupu. Nilipika kuku, nikapika viazi vya kuponda na mahindi na majani ya malenge, wakala mpaka wakafungua mikanda, na katoni yao nikaijazia kabichi na karoti warudi nayo. Nilisimama langoni nikiwapungia, na kila jirani aliyekuwa na macho aliona.

Mara ya pili kuku wawili, mara ya tatu watatu, maana walikuwa wameongezeka. Habari zilikuwa zimefika Nakuru kwamba shosho wa juu anapika. Waliodhani ni mzigo kupanda milima kutazama mgonjwa wakaanza kugombania nafasi kwenye pikapu. Walidhani nina mali. Mmoja aliniambia, "Shosho, wewe ni landilodi huku," nami nikacheka kama landilodi.

Kapteni wao alikuwa kijana wa Ndabibi, mpole, aliyelelewa na nyanya yake. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake wa mjini kwamba mwanamke mzee akikupa sahani unaimaliza, ukibakisha umemtukana. Kwa hivyo hata aliyeshiba alimaliza. Wao walikula ili wasinitukane, mimi nilipika ili wasinidharau, na hakuna aliyekuwa na ubaya na mwenzake. Mpaka leo nikitafuta wa kumlaumu simpati, narudi kwangu.

Kuku wangu walikuwa kumi na mmoja. Waliisha kabla ya Krismasi. Jirani yangu, mama mmoja ambaye mdomo wake haujawahi kupata mlango, alikuwa akisimama kwenye ua anauliza, "Leo tena ni harusi? Na bwana harusi wako ndiye yule wa kwenye kiti?" Nikamjibu kwamba anayenusa sufuria ya mwenzake pua itaungua. Lakini mwezi uliofuata nilichinja kondoo wa mwisho, na kichwa chake nilikichoma nikijua sina kingine kinachopumua katika boma ila mimi na mume wangu na ng'ombe mkavu.

Yeye aliona. Mtu asiyeweza kutembea huona zaidi, kwa sababu hana mahali pa kupeleka macho. Siku moja baada ya kunyolewa akaniambia, "Shosho, kesho wape chai na mkate. Hawa hawana shida, wakishuka wanapitia hotelini." Akaendelea kunibembeleza, kwamba ni wenzake, anawajua, hawawezi kuwaza vibaya. Nilikuwa nafuta wembe. Nikamwambia:

"Hapana. Mgeni hatoki kwangu na tumbo tupu."



Januari baridi ilishuka. Huku juu kuna asubuhi unaamka majani yote yana unga mweupe, na jua likitoka kila kitu kinageuka cheusi kama kimemwagiwa maji ya moto. Viazi vya kula vilivyokuwa shambani viliungua hivyo. Mahindi yalikuwa debe moja na nusu. Kilichobaki kizima kilikuwa stoo, kwenye giza: magunia matatu madogo ya mbegu za viazi, aina ya shangi, nilizozichagua kwa mkono, zimeanza kutoa macho. Hizo ndizo shamba lote la mwaka. Mvua ikianguka mwezi wa tatu zinaingia ardhini, mwezi wa sita tunakula na tunauza. Zikikosa kuingia, hakuna kinachotoka. Hilo hata mtoto wa nasari wa huku analijua.

Jumamosi ya kwanza ya Februari wakaja kumi na wanne. Nikafungua gunia la kwanza. Nikajiambia mawili yanatosha, nitapanda kwa nafasi. Jumamosi ya kwanza ya Machi wakaja kumi na sita, maana wawili walitoka Nairobi kuja kumjua shosho, na mvua ilikuwa inanukia. Nikafungua la pili, na la tatu nikalifungua pia, maana la pili lilikuwa na vilivyooza.

Kiazi cha mbegu hakimenyeki kama kingine. Kimenywea, kina ngozi ya mzee, na kabla ya kukimenya lazima uvunje yale macho. Unayavunja kwa kidole gumba, moja moja, yanatoa sauti ndogo, ta, ta, ta. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, macho yamejaa sakafuni kama vidole vya watoto. Nikageuka nikamwona mlangoni kwenye kiti chake. Walikuwa wamemwacha hapo apate kivuli. Alikuwa anaangalia sakafu. Yule mtu alianza kupanda viazi na mimi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nami nikaendelea kuvunja.

Nikapakua. Vilikuwa vichungu kidogo, nikawa nimevifunika na vitunguu. Wakakaa kwenye nyasi na sahani zao. Kapteni ndiye aliyekuwa akimlisha siku zote, anakula kijiko kimoja, anampa kimoja. Akamletea kijiko mdomoni. Mdomo ukafungwa. Kapteni akamtania kwamba anataka kupunguza tumbo apate msichana. Mdomo ukabaki umefungwa. Kijiko kikakaa pale hewani, na hapo mume wangu akasema kwa sauti ya chini kabisa, lakini wote waliisikia:

"Hizo ni mbegu. Mnakula shamba letu."

Mmoja wa wale wa Nairobi alicheka, akidhani ni utani. Akaangalia wengine, akashusha sahani. Vijana kumi na sita wenye shingo kama fahali, kila mmoja na chakula mdomoni, hajui ameze au ateme. Kapteni aliinuka akaja jikoni. Aliona ile sakafu. Akavua kofia, kama mtu aliyeingia kwenye matanga, akarudi nje. Wakamaliza sahani, kwa sababu kapteni aliwaambia wamalize. Hawakuimba kwenye pikapu wakishuka.

Nilimgeukia mjukuu wangu. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya watu, na kwamba afadhali angenipiga. Akasema yeye ndiye ambaye hana mkono wa kunipiga wala wa kunisaidia, kilichobaki kwake ni mdomo. Tulikaa siku tatu tukizungumza maneno ya kazi tu. Geuka. Meza. Inua.

Aprili hawakuja. Katoni ililetwa na gari la abiria, ikaachwa stendi, nikaenda kuichukua kwa wilibaro. Mei vivyo hivyo. Ndani kulikuwa na kila kitu, na zaidi ya zamani. Kulikuwa hata na nyama ya mkebe. Ila katoni haijui kumtukana mtu. Ijumaa zilifika, nikachemsha maji, nikamwonyesha wembe. Akasema, "Ya nini?" Ndevu zikamea. Akaanza kukataa kugeuzwa, anasema niache apumzike, na kidonda kikafunguka kiunoni, kidogo kama shilingi, halafu si kidogo tena. Mwezi wa sita mashamba ya majirani yote yalikuwa yametoa maua meupe. Letu lilikuwa na magugu yanayofika gotini, na lilitazamana na dirisha lake.

Julai kapteni alipanda na mama mmoja wa kamati ya kile chama, mama wa heshima, ana miwani na karatasi. Nikawapa chai, wakakubali chai. Yule mama aliongea na mimi vizuri. Alisema si mimi tu. Kwamba kuna mjane aliyeuza mbuzi wa mwisho kuwapikia pilau, na kwingine watoto walilala njaa siku wageni walipokula. Chama hakiwezi kuwa nzige. Kwa hivyo wameweka sheria. Wataniletea mbegu magunia manne, vijana wenyewe watakuja kulima na kupanda kabla ya mvua ya Septemba, na watakuja kila mwezi kama zamani. Ila nyumba inayotembelewa isipike hata kiazi kimoja. Wageni watabeba chakula chao. Wakipikiwa, matembezi yanaisha, itakuwa kutuma katoni tu. "Ni sheria ya wote, mama, si yako wewe."

Mjukuu wangu alikuwa ananiangalia kutoka kitandani. Hakuwa amenyolewa miezi minne. Nikatia kidole gumba kwenye wino, nikakibonyeza kwenye karatasi yao. Ijumaa kabla ya siku ya kupanda aliniita tangu asubuhi. Shosho, maji yamechemka?

Walikuja kumi na wanane siku ile ya kupanda. Sijawahi kuona shamba likilimwa hivyo. Walijipanga mstari mmoja kama kwenye mchezo wao, majembe yakapanda pamoja yakashuka pamoja, na yeye akiwa ukingoni kwenye kiti anawapigia makelele, anawaambia wanalima kama wasichana wa benki. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti kubwa. Saa sita mbegu zote zilikuwa chini, isipokuwa ndoo moja iliyoachwa ya kurudishia zile zitakazokosa kuota.

Halafu wakanawa mikono, wakatoka nje ya lango langu.

Walikaa kwenye ukingo wa barabara, kwenye vumbi, watu wazima kumi na wanane, wakatoa mkate na soda kwenye mifuko. Nao walimsukuma yeye mpaka huko. Alikula mkate wa barabarani akiwa amegeuzia nyumba yangu mgongo, anacheka. Watu walikuwa wanatoka sokoni. Walipunguza mwendo. Mmoja aliuliza kama kuna gari limeharibika. Na jirani yangu, yule wa mdomo, alikuja mpaka kwenye ua akasema taratibu, bila hata kunitania, kwamba pole. Afadhali angenitania. Maishani mwangu watu waliokula nje ya lango langu ni mbwa na wendawazimu.

Watu huniuliza kwa nini vijana hawaji tena, kwa nini pikapu haionekani, na katoni inashushwa stendi. Viazi vilizaa vizuri, msiniulize kuhusu viazi. Kidonda kimerudi, ndevu zimefika kifuani, na Ijumaa sichemshi maji. Siku ile walikula chakula changu, wote kumi na wanane, kwa sababu walilelewa vizuri. Kapteni alikula machozi yakimwingia mdomoni. Wakaosha sahani, wakamrudisha kitandani, wakamshika kichwa mmoja mmoja. Kujuta nimejuta. Lakini mkitaka kujua nilichofanya siku ile na nilichosema, ni hivi.

Nilichukua ile ndoo ya kurudishia. Sikuyaangalia macho, niliyavunja yote. Nikapika, nikajitwika sufuria na sahani juu yake, nikatoka langoni. Vicheko vilikatika. Kapteni alisimama akaweka mikono yote miwili kifuani. "Shosho, ulitia kidole. Tafadhali. Tukila hapa, haturudi." Nilikuwa natafuta mahali pa kutua sufuria. Ndipo mjukuu wangu akageuza kichwa, kile kidogo anachoweza, na mkate bado ulikuwa shavuni.

"Mke wangu," akaniita, jina ambalo hakuwa ameniita tangu avunjike. "Rudi nyumbani na hiyo sufuria. Nakuomba. Nitabaki na nani?"

Nilimwangalia. Uso ulikuwa safi, nilimnyoa mwenyewe jana yake. Nikaiweka sufuria chini katikati yao, nikafungua kifuniko, mvuke ukatoka.

"Hapana. Mgeni hatoki kwangu na tumbo tupu."